Injini ya Baba Ilivyopanda Kwale

Siku ile tulikuwapo watano: shangazi yangu aliye dada yake baba, binamu yetu mwanawe mwenye pikapu, dada yangu anifuataye, mdogo wetu wa kiume, na mimi, mkubwa wa mayatima watatu. Wa sita niseme ni injini, maana kutwa nzima ndiyo tuliyoibembeleza.

Ilikuwa injini ya kusagia nafaka. Baba aliiacha Msambweni, na alipofariki, na mama akamfuata, sisi watatu tulichukuliwa na bibi mzaa mama, Kwale. Bendera mpya ya nchi ilikuwa bado haijapauka. Nilikuwa nimekwisha kuacha shule nilime ili wadogo wangu wasome, lakini jembe halikutosha. Injini ile ingetosha. Tatizo ni kwamba haikuwa yetu. Kwa ada yetu ya zamani, sisi Wadigo, mali ya mwanamume ilikwenda kuukeni: akifa, alirithiwa na mtoto wa dada yake, si mtoto aliyemzaa mwenyewe. Wenye elimu ya dini walikuwa wakisema vingine, na misiba mingi iliishia kwenye mabishano. Bibi hakutaka mabishano. Alitutuma twende kwa shangazi, huko Msambweni, tukaombe kwa adabu.

Binamu yetu alitusikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake, akasema tumsaidie kupakia. Hakusema inakwenda wapi. Nyumba yake na kiwanja chake vilikuwa Ukunda.

Pikapu yake ilikuwa ndogo, ya kubebea madafu na samaki. Trela aliliazima: ekseli ya lori iliyopigiliwa mbao juu, haina breki wala taa. Mkono wa trela aliufunga nyuma ya pikapu kwa pini ya chuma na mnyororo. Mzee mmoja aliyepita alituuliza ni nani hapo anayemvuta mwenziwe.

Tuliiweka injini mwishoni mwa trela, kwa kuwa ndipo ilipopandia. Papo hapo mkono wa trela ukainuka na kuinua matako ya pikapu. Binamu hakugomba. Alitutaka tuisukume mbele ya ekseli kidogo, akisema mzigo ukikaa nyuma, mkia ndio unaomwongoza ng'ombe. Kisha akajaza magunia ya mchanga nyuma ya pikapu. Nilidhani amechanganyikiwa, gari limeshindwa na mzigo naye anauongeza. Akanieleza kwamba tairi zisipolemewa hazishiki ardhi.

Shangazi alikaa mbele, sisi watatu juu ya mchanga. Binamu aliendesha kama mtu aliyebeba maji kichwani. Palipo na bonde aliliona mbali, akapunguza mwendo mapema, kwa kuwa trela halikuwa na cha kulizuia ila yeye.

Tulipokaribia Ukunda nilishika ubao wa gari kwa mikono miwili. Watu waliokuwa dukani walimpungia. Naye akawapungia, akapita. Dada yangu alinitazama. Nikauachia ubao mkono mmoja.

Kwenye njia panda alikata kuelekea Kwale, na mlima ukaanza. Alitupatia magogo mawili, akatuagiza tutembee nyuma. Akigonga mlango, tuyasukume chini ya tairi za trela. Mahali penye mwinuko mkali tairi za pikapu zilizunguka zikitupa changarawe, na gari halikusogea. Shangazi akataka kushuka apunguze uzito.

"Usishuke, mama," binamu akasema. "Hamia nyuma."

"Kumbe unene wangu una kazi," shangazi akajibu, akapanda juu ya magunia na kujitandazia leso. Tairi zikashika.

Tulipanda hivyo, hatua na pumziko, hatua na pumziko. Karibu na juu, mlango uligongwa kwa nguvu. Pini ilikuwa imeanza kupinda. Tulisukuma magogo, moja likateleza, nikalisukuma tena kwa miguu. Binamu angeweza kuagiza trela lifunguliwe, akaokoa gari lake, na injini ikaenda korongoni. Alibaki amekanyaga breki mpaka nilipopaza sauti kwamba gogo limekaa. Ndipo akashuka. Akaitoa pini ile, akafunga chuma cha jeki mahali pake, akanawa uso, tukaendelea.

Tuliiteremsha kwa bibi kabla ya magharibi. Nilimfuata binamu alipokuwa akimwaga mchanga.

"Kaka, hii ilikuwa haki yako. Nitakulipa nini?"

"Mimi alinilea mjomba wangu, yaani baba yako," akasema. "Sasa nawe ni mjomba wa watu. Dada yako huyo atazaa. Kanilipe kwao."

Dada yangu akajificha nyuma ya bibi, na shangazi akasema bibi harusi ameona haya.

Injini ile ilisaga mpaka wadogo wangu wakamaliza shule. Binamu alikuwa akija kusalimia, akiisikiliza inavyonguruma, asiulize lolote. Amekwisha kutangulia mbele ya haki. Dada yangu alizaa, na watoto wake nimewasomesha wote isipokuwa wa mwisho, ambaye yuko darasani bado. Kila likizo hufika mlangoni, akaniambia, "Shikamoo, mjomba," nami husikia nikidaiwa.