Tangazo la Rupia

Sura ya Nassibu, Kariakoo hawakuijua. Angeweza kusimama katikati ya mtaa wa Kongo, akakanyagwa vidole na asiambiwe hata pole. Walichojua ni sauti yake. Ukisikia spika juu ya meza ya mtu inabembeleza, "Mama, panya kala sare ya mtoto, na wewe umenyamaza," basi huyo ni yeye. Vitasa, soli za viatu, dawa ya kunguni, vyandarua, vyote vilipita kooni mwake.

Alirekodia mtaa wa Gerezani, kwenye kichumba chini ya ngazi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili mwangwi usirudi. Basi la mwendokasi likipita hunyamaza, akangoja, akaanza upya. Mjini alikuja kubeba mizigo, kutoka Newala. Siku moja tajiri wa mashuka alikaukwa na koo, akamwambia ebu ninadie kidogo, na tangu siku hiyo mgongo wa Nassibu ukapumzika.

Wenzake husoma karatasi kama ilivyoletwa. Nassibu alikuwa na chumvi yake: kila tangazo alijitia mwenyewe ndani. "Mimi mwenyewe dawa hii ninayo nyumbani." "Mimi mwenyewe godoro hili ndilo linalonipa usingizi." Na godoro lake lilikuwa la sufi, limebonyea katikati kama mtumbwi. Hakuuona huo kuwa uongo. Mboga bila chumvi nani anakula? Wenye maduka walimfuata kwa hiyo chumvi.

Nje ya mlango wake Bi Swaumu alikaanga chapati. Mjane huyu, mtu wa Kilwa, alikuwa amemfanya mwanawe. Nassibu alikula kwa mkopo wa mdomo, akalipa Ijumaa, na hakuna aliyeandika.

"Mwanangu, leo unatuuzia nini?"

"Kitasa, mama."

"Na wewe kwako umekifunga?"

"Nikifunge wapi, mama? Kwangu pazia."

Wakacheka mpaka chapati ikaungua upande.

Ndipo akaja Kasmir. Shati limechomekwa, viatu vyake hata tope la sokoni halijavigusa.

"Mambo, kaka?"

"Poa. Karibu."

Akatoa karatasi. Tangazo lilisema watu wasizitupe sarafu za kale: rupia ya Mjerumani, sarafu yenye kichwa cha mfalme, senti yenye tundu. Moja tu inaweza kukujengea nyumba. Lete zipimwe, mnunuzi yupo anangoja.

"Hao wanunuzi wako wapi?" Nassibu akauliza.

"Nje."

"Nje ya wapi?"

Kasmir akatabasamu. "Kaka, ulipotangaza dawa ya kunguni, uliuliza kunguni wamezikwa wapi?"

Nassibu akacheka, akasoma. Kasmir akatikisa kichwa. "Mbona kavu? Nimeambiwa una chumvi."

Nassibu akafumba macho kama afanyavyo siku zote, akaongeza lake: "Mimi mwenyewe, rupia ya marehemu babu yangu, aliyoificha kwenye nguzo ya nyumba kule Newala, nimeiuza hapa hapa. Leo mama yangu analala chini ya bati."

Mama yake alikuwa analala chini ya nyasi, na babu hakuacha chochote ila jembe.

Spika ikafungwa kwenye nondo za dirisha la ghorofa ya kwanza, mtaa wa Sikukuu, ikaanza kusema kutwa. Watu wakapanda ngazi: wapagazi, mama lishe, wazee wa Mbagala wenye vitu vimefungwa kwenye leso. Juu huko kila sarafu ilionekana ya thamani, na kila sarafu ilitakiwa kwenda maabara, na maabara ilikuwa na ada yake.

Bi Swaumu alikuwa na rupia, ya bibi yake. Kwao mtoto akizaliwa, maji ya kumwogesha mara ya kwanza huwekewa rupia ile ndani ya beseni. Yeye mwenyewe aliogeshwa hivyo, na mama yake kabla yake. Aliwahi kumwonyesha Lalit, sonara wa karibu na Mnazi Mmoja. Lalit aliigeuza, akamrudishia. "Fedha kidogo tu, mama. Thamani yake iko kwenu, kwangu haipo. Itunze." Akaitunza.

Lakini mwanawe wa kumzaa, Ummy, alikuwa na mimba, na alikuwa ameambiwa atajifungua kwa kisu. Bi Swaumu akawa anakaanga huku akiwaza, na spika moja ya tangazo lile ikapitishwa mtaani kwa mkokoteni, ikisema kwa sauti anayoijua. Masihara ya Nassibu aliyazoea, ya vitasa na magodoro. Ila hapa alikuwa amemtaja marehemu, na marehemu hasingiziwi. Akaona: rupia ya kumwogesha mjukuu, acha imtoe mjukuu salama.

Hakumwambia Nassibu. Alitaka amshangaze. Usiku akaisugua rupia kwa ndimu na majivu mpaka ikameta, maana kwao humpelekei mtu kitu kichafu. Kule juu wakaitazama, wakasikitika. "Umeiharibu, mama. Kitu cha kale hakisuguliwi. Maabara lazima iurudishe ule weusi, na hiyo ni kazi kubwa." Akatoa akiba ya Ummy ya hospitali, yote.

Akangoja. Simu yao ikawa inaita tu, baadaye ikawa haiiti. Asubuhi moja akaweka chapati mbele ya Nassibu, akaketi karibu.

"Mwanangu, na wewe ya babu ulingoja muda gani?"

"Ya babu gani, mama?"

"Rupia. Nami nimepeleka ya bibi."

Akaiweka chapati chini. Hapo ndipo angesema. Akatazama ule uso uliokuwa ukimngoja kama mtoto anavyongoja kuambiwa, akajibu, "Siku chache tu, mama. Watapiga." Kisha akatoka, akatembea, na alipofika kona akakimbia.

Mtaa wa Sikukuu mlango ulikuwa na kufuli. Watu walisimama chini, wengine wamekaa kabisa. Juu ya vichwa vyao spika ilikuwa bado inasema. Kasmir hakujali kuizima.

"Wameondoka lini?" Nassibu akauliza.

Ni hayo tu aliyosema. Mpagazi aliyekuwa mbele yake akageuka taratibu. Akamtazama yeye, akaitazama spika.

"Rudia ulivyosema."

Nassibu akafunga mdomo.

"Ni yeye," akasema mwanamke mmoja. "Huyu ndiye aliyeezeka bati." Mduara ukafunga. Mtu akamshika ukosi, mwingine akaokota tofali, na Nassibu akajua vizuri jinsi mambo haya yanavyomalizika Kariakoo.

Bi Swaumu alikuwa amemfuata. Alipita katikati yao na mwiko wake mkononi, akasimama mbele yake.

"Kabla hamjampiga, nimuulize. Nassibu, rupia ya babu yako ulimuuzia nani?"

Juu, spika ikasema kwa sauti tamu: mimi mwenyewe.

"Babu hakuwa na rupia, mama."

"Na asubuhi ukaniambia watapiga."

"Niliogopa."

Bi Swaumu akashusha mwiko. Kisha akawageukia watu. "Mkimuua, nani ataeleza polisi tangazo lililetwa na nani? Mpelekeni akiwa mzima." Wakampeleka mzima, ila si bila makofi. Alieleza yote. Jina la Kasmir halikuwa la Kasmir, na chumba kilikuwa kimepangwa kwa jina la mtu asiyekuwepo.

Ndugu wa Ummy walichangishana. Nassibu alitoa spika zake zote mbili, zikauzwa, nazo zikaingia humo. Kazi ilimkimbia yenyewe. Dawa ya panya bado inanadiwa kwa sauti yake huko mtaa wa Kongo, na wapita njia huijibu, "Muongo wewe," wakaendelea na safari. Yeye amerudi kwenye mizigo.

Juzi alipita Gerezani, gunia begani. Akalitua mbele ya karai, akaonyesha chapati kwa kidole.

"Sema," Bi Swaumu akamwambia. "Mdomo si unao?"

"Mbili, mama."

"Hela kwanza."

Akatoa. Bi Swaumu akazifunga chapati kwenye gazeti, hakumtazama. "Ummy kajifungua. Wa kike. Wazima wote."

"Alhamdulillahi." Nassibu akapokea chapati. "Mmemwogesha na nini?"

Mafuta yalikuwa yanachemka. Bi Swaumu akatandaza chapati nyingine.

"Na maji, Nassibu."