Shikamoo Kutoka Jukwaani

Leo nimevuliwa ujana mbele ya uwanja mzima.

Tulitoka Ihumwa watatu, mimi na mashosti zangu wa tangu sekondari, kwenda tamasha mjini. Tulikubaliana kwamba leo hakuna Mama Neema (ndiye mimi), hakuna Mama Juma wala Mama Ester. Tunaitana Rehema, Mwajuma na Stella, kama zamani. Atakayejifanya mama wa mtu ananunua chipsi.

Nikacheza jamani. Magoti yalilalamika, nikayapuuza.

Mwimbaji akaniona. "Dada mwenye kitenge cha njano, njoo huku juu."

Mmesoma vizuri? Dada.

Stella akanisukuma. "Nenda Rehema, kawaoneshe."

Nikapanda jukwaani nakata kiuno. Yule kijana akanisogelea, akaniangalia usoni kwenye zile taa, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

Halafu akaniwekea maiki mdomoni. Ningeweza kusema lolote pale, hata kuimba. Lakini ulimi una mazoea yake:

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Uwanja wote ukaangua kicheko. Kule chini Mwajuma na Stella wameshikana wasianguke, wanadai chipsi zao.

Nashuka, simu inatetemeka. Binti yangu Neema, kumbe wanatazama mubashara nyumbani.

"Mama, sisi hatujala. Ufunguo wa stoo umeondoka nao."

Mwenye ile video, naomba aifute.

Ila kwanza anitumie.