Nguzo Zilizovishwa Kanzu

Watu wa mtaa wetu wa Jabe walimcheka mama yangu. Walisema mjane yule amekosa mume wa kumshonea kanzu, sasa anazivisha nguzo. Niligombana nao barabarani, na mpaka leo sijuti.

Duka letu la vitambaa lilikuwa chini, sisi tukilala juu, na ghorofa yote ilibebwa na nguzo za chuma. Vita vilipoanza, lilichomwa duka lililotazamana na letu. Kuta zilibaki, lakini vyuma vilijikunja kwa joto, sakafu ya juu ikaporomoka na waliokuwamo. Mama aliona kwa macho yake. Tangu siku hiyo alitaka nguzo zetu zikingwe na moto.

Ipo rangi ya kazi hiyo. Ikipata joto huvimba na kukifunika chuma. Lakini nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, hata rangi ya dirisha ilikuwa shida. Basi fundi akasugua kutu, akazungushia nguzo waya wa kuku, akazikandika saruji nene; ndiyo kanzu waliyoicheka.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, alikasirika. Alitaka tuuze nyumba tumfuate Kigoma, ng'ambo ya mpaka.

"Shemeji, chuma haiungui. Unatupa simenti bure."

"Kweli, haiungui. Inalegea. Na mi na watoto tunalala juu yake. Hapa nilizaliwa, na baba yangu alizaliwa hapa. Siendi."

Wachomaji walikuja na petroli mchana mmoja, sisi tukiwa tumekimbilia mtaa wa Kibenga. Tuliporudi, vitambaa vyote vilikuwa majivu. Saruji ilikuwa nyeusi tii, imepasuka na kumenyeka, lakini nguzo zilisimama wima na vitanda vyetu vilikuwa juu palepale. Mama hakulia. Mimi nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Siku chache baadaye baba mkubwa akaja na lori alilokodi.

"Sasa umeona, shemeji. Mupakie vitu, twende."

Mama alimshukuru kwa lori, akashika beleshi. Tukapakia majivu, vipande vya saruji na milango iliyoungua, mpaka likajaa. Baba mkubwa alitutazama tu.

"Mukamwage hii jalalani Buterere," mama akamwambia. "Mukirudi, mutuletee mchanga wa kukandika nguzo tena."

Baba mkubwa akapanda mbele, karibu na dereva. Alasiri lori lilirudi, limejaa mchanga.