Ufunguo wa Chumba cha Nzi

Shangazi yangu amelea nzi wa matunda maabarani kwa miaka ishirini na sita, na ole wako umwambie hiyo si kazi. Anawapikia uji wa mahindi wenye hamira, anatenganisha dume na jike kwa brashi ndogo chini ya hadubini, na ufunguo wa chumba chao anauvaa shingoni. Wenzake humwita Mama Nzi. Anaitika kwa madaha.

Mwaka jana akaja mkuu mpya, kijana msomi, mjuaji kweli kweli. Alitaka nzi waliokamatwa sokoni wazalishwe na nzi wa maabara. Akaandika kwenye vibandiko vya chupa nani aoane na nani, Shangazi akawaoanisha kama vilivyosema. Baada ya wiki kadhaa mambo yakawa kinyume: watoto waliotarajiwa kuwa tasa walikuwa wamejaza chupa mabuu, na waliotarajiwa kuzaa hawakuzaa kitu.

"Shangazi, macho yamechoka," mkuu akasema. "Umechanganya chupa. Naomba ufunguo."

Jioni ile Shangazi hakugusa chakula. Mimi nilichemka, nikataka kwenda kumpasha yule bwana.

"Tulia, mwanangu. Nzi hawasemi uongo." Akanieleza huku akihesabu kwa vidole. "Nzi wa sokoni wana jeni zinazorukaruka, zinajipachika popote na kuharibu. Lakini mama wa sokoni anazijua. Kila yai analitilia walinzi wa kuzinyamazisha. Baba anarithisha jeni hizo, walinzi hana. Kwa hiyo baba wa sokoni na mama wa maabara watapata watoto tasa. Ukigeuza, watoto wazima."

Akapiga paja. "Ukigeuza!"

Asubuhi alimfuata mkuu mbele ya wote. "Mwanangu, kwenye kibandiko ulimwandika nani kwanza?"

"Baba, bila shaka."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Humo ndani, tangu enzi na enzi, mama ndiye huandikwa kwanza, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni; kila chupa ilikuwa imeoanishwa kinyume cha alivyotaka. Mkuu alitazama chupa moja baada ya nyingine, akashika kichwa, kisha naye akacheka mpaka akatoa machozi.

"Nisamehe, Shangazi. Macho yaliyochoka ni yangu."

Ufunguo alimvisha shingoni mwenyewe. Nilipopita wiki iliyofuata nilikuta karatasi mlangoni, kwa mwandiko wa mkuu: MAMA KWANZA. Shangazi alijifanya haioni. Alikuwa anakoroga uji huku akiimba.