Nondo ya Kura ya Ishirini na Sita

Mimi huuza popoo za kutafuna na chokaa yake mbele ya hoteli moja hapa Honiara, mji mkuu wa visiwa vyetu, kwa hiyo Maesiola namjua tangu siku alipowekwa langoni kuwa mlinzi akapewa nondo ya chuma. Uchaguzi ukiisha bila chama kupata wingi, wabunge hufungiwa hotelini kambi kwa kambi, wakinyang'anywa simu wasirubuniwe kuhama, mpaka siku ya kumchagua waziri mkuu. Kambi yake ilikuwa na wabunge ishirini na sita, hakuna wa ziada. Aliambiwa akitoka mmoja tu, serikali imekwenda.

Ubaya ni kwamba kambi ya pili ilimwajiri Kwaita, mume wa Nesta, dada wa pekee wa Maesiola.

Jumatatu asubuhi lori likasimama langoni. Kwaita akashuka na wanaume sita wenye mapanga.

"Shemeji, pisha. Tunamchukua mzee wetu, yule mbunge, hatukuja kwako."

"Geuza gari, shemeji. Niko kazini."

"Kazi gani hii ya kuchunga watu wazima? Hata nguruwe wako huwafungi hivi."

"Nguruwe wangu hawahami kambi."

Wakacheka wote wawili, nami nikadhani yamekwisha. Mara mmoja wa wale sita akarusha jiwe, likampasua Maesiola mdomo. Akashusha nondo bila kuangalia anampiga nani. Ikatua jichoni kwa Kwaita, akaangukia meza yangu, damu yake ikaingia kwenye chokaa. Panga la mmoja wa wale sita likaondoka na vidole viwili vya Maesiola. Nilipoinua macho, mbunge waliyekuwa wakimgombania alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Nilitamani kumrushia meza nzima.

Alhamisi redio ikasema kambi mbili zimeungana, na mzee wetu ni waziri. Kwaita alikuwa bado hospitali, jicho limeshatolewa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kisiwani kwetu Malaita damu huoshwa kwa fidia ya mkufu wa makombe ya baharini. Ijumaa Maesiola akaupeleka kwa dada yake, mimi nikiwa shahidi. Nesta alitupokea mlangoni na panga mkononi.

"Umekuja na nani?"

"Na shahidi tu. Mkono uliopiga ni wangu."

"Wewe ulikuwa rungu, kaka. Mkufu huwekwa na mwenye vita. Yuko wapi huyo mzee wenu?"

Maesiola akamnyooshea mkufu. Nesta akaukata mkufu, makombe yakatawanyika uani.

"Kamlete. Bila yeye, sina kaka."

Tuliyaokota mpaka jua likawa la utosi. Maesiola akayatunga upya kwa vidole vinane, machozi yakimtoka, kisha akashuka moja kwa moja hadi wizarani kwa mzee, nami nyuma yake. Langoni palikuwa na mlinzi mgeni, nondo mkononi. Maesiola akavaa mkufu begani, akaokota jiwe.

"Ndugu yangu, pisha," alisema. "Namchukua mzee wetu, sikuja kwako."

Mlinzi akainua nondo.