Amino za Kijana Yangu

Kijana yangu alinunua hizo vidonge huko Hurlingham, akakuja nazo hapa Mutuini kwangu mimi mamake, akijigamba kama ni yeye amezitengeneza. "Mathe, hii ni amino asidi! Unameza mbili kabla ya kukunywa, asubuhi hakuna hango, hakuna kichwa kuuma. Pombe yote imeisha kwa damu!" Nikiongea hivyo napindisha mdomo kama yeye, wajukuu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Mimi kusoma sijui, lakini kuuliza najua. Nikabeba hiyo chupa mpaka kwa duka ya dawa. Msichana wa huko anaongelea kwa pua: "Shosho, labda itapunguza kichwa kuuma. Pombe haitoi. Pombe inatoka na masaa." Nikamwambia kijana. Akanicheka.

Sasa Ijumaa moja akarudi kutoka kukunywa huko Westlands saa tisa usiku. Saa kumi na mbili asubuhi nikasikia anawasha gari. Na hiyo gari ni ya kubeba watoto wa shule! Watoto wa majirani washaingia na mabegi yao. Nikatoka na kigoda, sindano na sweta imeraruka, nikakaa mbele ya gari, magoti karibu iguse namba ya gari. Injini inanipumulia kwa uso.

"Mathe, toka hapo! Niko sawa! Kichwa haiumi hata kidogo!"

Na ni ukweli. Amenyoa, macho nyeupe. Hiyo ndio iliniogopesha. Hango ingekuwa imemlaza kwa kitanda.

"Sawa, dereva. Shuka unitungie uzi kwa sindano, nishone hii sweta. Ukimaliza natoka."

Akashuka kwa hasira. Uzi ikapita kando. Akailamba, akajaribu tena. Watoto wanaangalia, pua kwa kioo. Mara ya tatu sindano ikaanguka. Akainama kuitafuta, akayumba, akashika gari asianguke.

Mimi huigiza kila mtu. Hiyo kuyumba sijawahi kuwaigizia wajukuu.

Hakuniangalia. Akatoa simu, akapigia rafiki yake dereva. "Kuja unibebee hawa watoto. Mimi nimekunywa." Akaweka funguo kwa mapaja yangu, akaingia ndani kulala.

Nilikaa hapo kwa kigoda mpaka huyo rafiki akafika.

Saa nane mchana nikapata sindano kwa meza, imetungwa uzi, na fundo mwisho. Ni kijana alikuwa ameamka, akaitunga. Na mimi nikashona sweta.