Siku Niliyotumwa Mbeya Kukagua Malori

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, niliyotumwa Mbeya kukagua malori nikaishia kula wali. Usicheke. Hata mimi huwa nacheka, halafu nakumbuka mwisho wake na kicheko kinakatika. Nimesikia kikundi chenu kimekuchagua wewe kutafuta gari la kubebea mchele, ndiyo maana nimekuita. Kaa, sina haraka.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, katibu wa kikundi cha wakulima hapahapa Madibira. Mimi ni wa Kilolo, huku nimeolewa tu, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, karatasi zote zilikuwa zangu. Tulikuwa tunakoboa mpunga wetu na kupeleka mchele Dar es Salaam, na tulikuwa na utaratibu: kila lori likiondoka, mwanakikundi mmoja anapanda mbele na dereva kusindikiza mzigo, usije ukabadilishwa njiani. Tulikwenda kwa zamu. Zamu iliyokuwa inakuja ilikuwa ya mume wangu, Yohana. Nililijua hilo vizuri, orodha niliiandika mwenyewe.

Mwenyekiti wetu, mzee mmoja Msangu asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenituma. Kulikuwa na kampuni ya Mbeya iliyotaka kutubebea mzigo, naye alitaka ikaguliwe kwanza.

"Usiniletee habari za ofisini," aliniambia. "Nenda uwanjani, simama mbele ya kila gari. Namba iliyogongwa kwenye chasisi ilingane na ya kwenye kadi. Tazama bima, tazama leseni ya kusafirisha mizigo, halafu uliza madereva gari lina ugonjwa gani."

Nikaandika yote. Kwa kuandika nilikuwa hodari sana.

Sasa, kufika ofisini, mwenye kampuni akanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene." Tangu niolewe, miaka saba, nilikuwa nasalimiwa kwa lugha za watu wengine. Kumbe naye ni Mhehe wa Kilolo, tena aliimba kwaya moja na marehemu baba yangu. Akamtaja baba kwa jina, akaniita binti yake, na roho yangu ikalainika palepale. Mkewe akaleta wali na kuku, tukala tukiulizana habari za nyumbani, nani kaoa, nani kazikwa. Baadaye akatoa faili. Ndani mlikuwa na fotokopi safi, zimepangwa vizuri. Niliona bima ya lori moja imeisha miezi miwili nyuma. Nikamwonyesha, nikiwa na aibu utadhani mwenye kosa ni mimi.

"Ya mwaka huu iko njiani, mwanangu," akasema.

Nikaitikia. Ningemwambiaje mtu mzima aliyemjua baba yangu kwamba nataka kuinama chini ya magari yake? Kwetu ni sawa na kumwita mwongo usoni. Nikaondoka na kiroba cha maharage alichonipa mkewe, na kwenye daftari la kikundi nikaandika, "Nimeona magari, yote salama." Uwanjani sikufika. Ulikuwa nyuma ya ofisi tu, hatua kama ishirini.

Maharage yale tulikula na Yohana karibu wiki nzima. Aliyasifu.

Kikundi kikakodi lori moja la kampuni ile, Yohana akaondoka na dereva Alhamisi asubuhi ya wiki iliyofuata. Kwenye mteremko wa Kitonga breki zikakataa. Dereva akajitahidi kulielekeza lori kwenye ukuta wa mlima, likalalia upande aliokaa Yohana. Nilipofika hospitali Iringa alikuwa amekwisha kufunikwa shuka, na viatu vyake vimepangwa vizuri chini ya kitanda, sijui na nani.

Dereva alikuwa wodi ya pili, mguu umefungwa. Nilijifanya nakwenda kumpa pole, lakini moyoni nilikwenda kumtukana. Aliponiona akageuzia uso ukutani. Kisha akasema taratibu, "Dada, siku ile uliyokuja kwa bosi nilikuwa uwanjani, chini ya gari hilohilo. Breki nilikuwa nimezisema mara tatu. Nikamwambia fundi, leo afadhali, wametuma mkaguzi, nitamweleza yeye. Nikangoja. Nikakuona unatoka na kiroba, bosi anakusindikiza, mnacheka."

Nikatoka wodini, mwanangu, bila kumtukana.

Polisi walikuta kadi niliyoonyeshwa ni ya lori jingine, lililokufa zamani likaachwa gereji, na namba zake za usajili ndizo zilizobandikwa kwenye hilo letu. Mtu aliyeinama akasoma chasisi angejua kwa dakika mbili. Mwenyekiti hakunigombeza. Baada ya matanga alikuja nyumbani, akafungua daftari pale nilipoandika, akaniwekea mapajani, akangoja mpaka nikasoma. "Nilikutuma ukatazame," akasema. Akalichukua daftari lake akaondoka, na mimi ukatibu niliuacha wiki hiyo.

Basi nisikilize. Siku hizi mna simu, mnaweza kuhakiki leseni na bima mkiwa mmekaa nyumbani, na fanya hivyo kabla hujapanda basi. Lakini simu haitaingia chini ya gari kwa niaba yako. Nenda mwenyewe, soma chasisi, piga magoti kama ni lazima. Chakula chao kula ukishamaliza kazi, kama bado watataka kukupa. Atakayekuita mwanawe mpe shikamoo yake kwa heshima zote, halafu mwambie akupeleke uwanjani. Akinuna, anune. Zungumza na dereva bosi akiwa mbali, maana yeye ndiye anayelijua gari. Karatasi ikiwa imeisha muda, imeisha, hata kama anayekupa ni mzee wa kanisa. Na usije hata siku moja ukaandika "nimeona" kwa kitu ulichosimuliwa.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Mama mkwe wangu nilikaa naye miaka kumi na moja baada ya pale. Watu walipomtajia mwanawe alijibu kwamba Mungu alimpenda zaidi. Siku zake za mwisho nilikuwa namlisha uji, akanishika mkono, akasema ananishukuru kwa kutomkimbia, kwamba katika watu wote hakuna aliyempenda Yohana kama mimi. Nikamwambia, "Asante, mama." Nikaendelea kumlisha. Amekwenda kaburini hajui kilichoandikwa kwenye daftari lile, wala kwa mkono wa nani.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe uso mkavu ambao mimi niliukosa, na kila utakayempandisha garini arudi kwa mama yake.